Neno Moja, Kazi Nyingi: Groom, Saisi na Bwana Harusi

Kipeperushi hiki ni cha familia nzima. Kama wewe mwenyewe husomi, mpe kijana aliye shuleni akusomee kwa sauti jioni, ng'ombe wakishaingia zizini. Kimeandikwa kwa ajili ya kaya zinazofuga Kaole, Kiromo, Zinga, Makurunge, Fukayosi na kandokando ya Mto Ruvu, lakini mfugaji wa popote anaweza kukitumia.

Safari hii tunaanza na neno la Kiingereza: groom. Watoto wanalikuta darasani. Linaandikwa kwenye makopo ya dawa na kwenye brashi za wanyama zinazouzwa mjini. Linaonekana kwenye kadi za harusi. Siku hizi linasikika pia kwenye mazungumzo ya ulinzi wa mtoto. Kila mahali lina maana yake, na anayelijua kwa maana moja tu anaweza kupotea. Tutazipitia maana hizo moja baada ya nyingine, kwa sababu kila moja inagusa zizi lako au nyumba yako.

MAANA YA KWANZA: MTU WA KUTUNZA MNYAMA

Zamani sana, zaidi ya miaka 700 iliyopita, groom kwa Waingereza lilikuwa na maana ya mvulana au kijana wa kiume. Baadaye likawa mtumishi wa nyumbani. Baadaye tena likabaki hasa kwa mtumishi wa zizi la farasi: anayewalisha, anayewapa maji, anayewasugua na kuwafunga matandiko.

Hata wafalme wa Uingereza walikuwa na watumishi walioitwa hivyo. Wakati wa Mfalme Henry VIII alikuwapo mmoja aliyemhudumia mfalme mpaka chooni. Usicheke. Mtu huyo aliheshimiwa na kuogopwa, kwa sababu alikuwa karibu na mfalme kila siku na alijua hali yake kabla ya wengine. Shika neno hilo: aliye karibu ndiye anayejua kwanza. Tutalirudia tukifika kwenye ng'ombe.

Kiswahili cha pwani kina neno lake la zamani kwa mtunza farasi: saisi. Limetoka kwa Waarabu, ambao walifanya biashara na kuishi kwenye miji ya pwani yetu kwa karne nyingi. Magofu ya misikiti na makaburi ya Kaole ni ushahidi wa jinsi pwani hii ilivyopokea dini na maneno kutoka ng'ambo ya bahari. Na kuna jambo la kufurahisha: saisi na siasa yametoka kwenye shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kutunza na kuongoza. Kwa mtazamo huo, anayejua kuchunga wanyama ameshaanza kujifunza kuongoza watu.

Kwa nini basi saisi ni neno ambalo vijana wengi hapa hawalijui? Sababu ni kwamba farasi hawakuweza kuishi vizuri katika nchi hii. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta David Livingstone. Alikuwa na farasi wawili na punda zaidi ya 20. Farasi wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari, na punda wengi wakafia njiani. Mbung'o wa vichakani hueneza ndorobo, ugonjwa unaomaliza farasi haraka na kuwadhoofisha ng'ombe na punda. Yako pia maradhi mengine ya farasi yanayoletwa na wadudu warukao. Bila farasi, saisi hana kazi. Lakini kazi yenyewe ya utunzaji haikufa. Leo saisi ni wewe uliye na ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda.

MAANA YA PILI: KUMSAFISHA NA KUMKAGUA MNYAMA

Kutokana na mtumishi huyo wa zizi, neno likageuka pia kuwa tendo. Kumfanyia mnyama groom ni kumsugua, kumpiga brashi, kumtoa kupe na matope, kumwangalia ngozi na kwato. Wengine hudhani hiyo ni anasa ya wenye mbwa wa kufugwa ndani. Si kweli. Kwa mfugaji wa ukanda huu wenye joto na unyevu, mkono unaopita mwilini mwa ndama kila siku unaweza kuwa tofauti kati ya zizi lililojaa na zizi tupu.

Adui mkubwa ni kupe. Wajue hawa watatu:

1. Kupe wa kahawia wa masikioni. Hukaa hasa ndani ya sikio. Huyu ndiye anayeeneza ndigana kali.

2. Kupe wa buluu. Ni mdogo, hukaa shingoni, tumboni na ubavuni. Hueneza ugonjwa wa kukojoa damu na ndigana baridi.

3. Kupe mkubwa mwenye marangirangi mgongoni. Hupenda kiwele, korodani, kwapa na chini ya mkia. Hueneza moyo maji, unaoua pia mbuzi na kondoo. Mdomo wake ni mrefu na huacha vidonda vinavyoharibu chuchu.

Ndigana kali ndiyo inayoua ndama wengi. Dalili zake ni homa kali, tezi kuvimba chini ya sikio na mbele ya bega, machozi, kukataa kula, kisha kupumua kwa shida na kutoa povu puani. Mnyama asipotibiwa mapema anaweza kufa ndani ya wiki mbili au tatu tangu aanze kuumwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa. Kupe wa masikioni akimng'ata ng'ombe leo, hampi ndigana kali leo hiyo hiyo. Vijidudu vya ugonjwa vilivyomo ndani ya kupe huhitaji muda wa kukomaa baada ya kupe kuanza kunyonya, kwa kawaida siku tatu hivi au zaidi. Kupe akiondolewa jana yake au siku ya pili, mara nyingi anakuwa hajaleta madhara. Akiachwa wiki nzima, kazi yake imekwisha. Ndiyo maana ukaguzi wa kila siku wa masikio ya ndama una thamani, na ndiyo maana kuogesha mara moja kwa mwezi wakati wa masika hakutoshi.

JINSI YA KUMKAGUA NDAMA AU NG'OMBE

Vifaa ni vya bei ndogo. Kata kumbi kavu la nazi vipande viwili, upande wa nyuzi uwe ndio brashi yako. Bunzi la mahindi pia linafaa. Tafuta kopo dogo lenye mafuta ya taa kidogo, na mfuko wa plastiki au glavu za kuvaa mkononi.

Fanya hivi jioni ndama wakiwa wamefungwa, au asubuhi kabla ya kukamua:

1. Mkaribie kwa mbele na pembeni, umwite kwa jina lake au kwa sauti aliyoizoea. Usimshtue kutoka nyuma.

2. Anza na masikio. Yakunjue, angalia mpaka ndani. Papasa chini ya sikio: je, kuna tezi lililovimba?

3. Angalia macho. Vuta kope la chini taratibu. Ndani pakiwa na wekundu wa waridi, ni vizuri. Pakiwa peupe au pa manjano, mnyama ana tatizo la damu.

4. Pitisha brashi shingoni, begani, mgongoni na ubavuni, kufuata manyoya yanakolala. Sikia kwa mkono mwingine kama kuna uvimbe, joto, au vipele vigumu chini ya ngozi.

5. Shuka kwapani, kwenye kiwele au korodani, na chini ya mkia. Kupe wakubwa hujificha hapo.

6. Malizia kwenye miguu. Nyanyua kila mguu, ondoa matope na mawe katikati ya kwato, nusa. Harufu ya kuoza ni dalili ya kwato kuoza, hasa wakati wa masika.

Kumtoa kupe, mshike karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja, umtumbukize kwenye kopo la mafuta ya taa. Usimpasue kwa kucha, usimtafune kwa meno kama wanavyofanya baadhi ya watoto, wala usimtupe zizini. Damu ya kupe inaweza kumwambukiza binadamu maradhi hatari. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni kabla ya kukamua au kula.

Mkono hauwezi kufanya kazi yote kwa kundi la ng'ombe 80. Mkono ni wa ndama, wa ng'ombe wa maziwa na wa mnyama unayemshuku. Kundi zima liende josho au lipuliziwe kwa bomba, kwa ratiba utakayopewa na mtaalamu wa mifugo wa kata yako. Zingatia mambo manne:

- Changanya dawa kama kibandiko kinavyosema. Ukiongeza maji ili dawa iende mbali, kupe hawafi, wanazoea, na mwakani dawa hiyo haitafanya kazi kwako wala kwa jirani.

- Usitumie dawa ya kuulia wadudu wa mazao. Imeshaua mifugo, na sumu yake huingia kwenye maziwa.

- Usipulizie mgongo tu. Elekeza bomba kwenye masikio, kwapani na chini ya mkia.

- Wanyweshe maji kabla ya kuwaogesha ili wasinywe dawa. Aliye mjamzito au mtoto asishike bomba.

Ipo pia chanjo ya ndigana kali. Huchomwa mara moja, na ndama aliyechanjwa hupata kinga ya muda mrefu. Lakini haizuii magonjwa mengine ya kupe, kwa hiyo kuogesha kunaendelea. Ndama akishaugua ndigana kali, dawa ya kutibu ipo, ila inafaa siku za mwanzo. Hapo ndipo unapoona faida ya kuwa karibu: aliyempapasa ndama jana atajua leo kwamba lile tezi halikuwapo.

PUNDA ASISAHAULIWE

Punda ndiye ndugu wa karibu wa farasi, lakini mara nyingi hana saisi. Anabeba maji, mkaa na mchanga, jioni anafunguliwa aende zake. Kabla ya kumtwisha mzigo, msugue mgongo kwa kumbi uondoe mchanga na miiba. Mchanga mdogo chini ya shogi au mkanda wa mkokoteni husaga ngozi kama jiwe la kusagia, na jioni ni kidonda. Tandika gunia safi na kavu au blanketi chini ya mzigo, sehemu laini iguse ngozi. Akiwa na kidonda, mpumzishe mpaka kipone. Punda mwenye kidonda kibichi atakubebea mzigo wiki hii na kushindwa mwezi mzima ujao.

MAANA YA TATU: WANYAMA WENYEWE WANAVYOJISAFISHA

Waingereza hutumia neno hilo hilo mnyama anapojilamba au kumlamba mwenzake. Ng'ombe hulambana shingoni na kichwani, mahali ambapo ulimi wa mwenyewe haufiki. Swala pala husafishana kwa meno yao ya mbele, na watafiti waliowafunga baadhi yao kifaa cha kuwazuia wasijisafishe vizuri waliona kupe wakiongezeka mara nyingi. Kwa hiyo kulambana si mchezo. Ni kinga ya kwanza waliyozaliwa nayo.

Wewe unayeketi nao kutwa unaweza kusoma mengi hapo:

- Ng'ombe aliyezaa anamlamba ndama kwa nguvu. Mwache. Anamkausha, anaamsha damu yake, na wanajuana kwa harufu. Asipomlamba, mkaushe wewe kwa nyasi kavu au kitambaa, kisha umsaidie anyonye maziwa ya kwanza ndani ya saa chache.

- Ng'ombe aliyekuwa akijilamba ameacha, manyoya yamesimama na hayang'ai. Huyo anaumwa au ana minyoo. Mpime joto. La kawaida kwa ng'ombe ni kati ya nyuzi 38 na 39 na nusu.

- Anajilamba na kujisugua kwenye miti bila kukoma, manyoya yanatoka. Tafuta chawa, upele au ukurutu.

- Analamba udongo, kuta au kutafuna mifupa. Amekosa madini. Mpe jiwe la chumvi, na uondoe mifupa malishoni kwa sababu mifupa ya mizoga inaweza kumuua kwa sumu.

- Mate yanamtoka ovyo, sauti imebadilika, anashambulia au hawezi kumeza. Usimtie mkono mdomoni hata kidogo. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie peke yake, umwite mtaalamu.

Yangeyange wanaofuata kundi lako nao ni wasaidizi. Wanakula wadudu wanaotimuliwa na kwato. Watoto wasiwapige kwa mawe.

MAANA YA NNE: BWANA HARUSI

Hapa watoto shuleni huchanganyikiwa. Imekuwaje mtunza farasi na bwana harusi wakapewa jina moja? Je, mume ni mtumishi wa mke?

Ukweli ni kwamba maneno haya hayakuwa ndugu. Kiingereza cha kale kilimwita bwana harusi kwa maneno mawili yaliyounganishwa: bryd, yaani bibi harusi, na guma, yaani mwanamume. Baadaye watu walisahau maana ya guma. Sikio likasikia neno wanalolijua, na kufikia karne ya 16 wakawa wanasema bridegroom. Mwishowe wakalifupisha. Ni kama kamba iliyokatika ikafungwa kwa kipande cha kamba nyingine: inavuta mzigo, lakini si kamba ile.

Kwa mfugaji, bwana harusi ni jambo la mifugo pia, maana mahari ni ng'ombe. Na ng'ombe wa mahari anaingia na yote aliyonayo mwilini.

Tuchukue mfano. Kijana wa Fukayosi anatoa ng'ombe sita kwa wakwe zake wa Kiromo. Siku ya furaha wanaingizwa moja kwa moja zizini. Masikioni wamebeba kupe. Wao wenyewe ni wakubwa na wameshazoea maradhi ya kwao, hawaonyeshi dalili yoyote. Kupe wanashuka, wanataga, na msimu wa mvua unaofuata ndama wa mkwe wanaanza kuvimba tezi. Mzee atasema amelogwa au ameozesha vibaya. Kumbe hakuna mchawi. Kilichokosekana ni wiki chache za subira.

Fanya hivi unapopokea ng'ombe wa mahari, wa zawadi au wa mnadani:

1. Muulize anayewatoa: wametoka wapi, wamechanjwa nini, waliogeshwa lini? Kuuliza si dharau kwa mkwe. Mweleze kwamba unalinda mali yake pia, maana watoto wa binti watakunywa maziwa ya zizi hilo.

2. Hakikisha wana kibali cha kusafirisha mifugo kama wanatoka nje ya eneo lenu.

3. Waogeshwe kabla ya kuondoka, na wakaguliwe tena wakifika.

4. Watengwe kwenye boma dogo, mbali na kundi, kwa wiki tatu hadi nne. Wachungwe na kunyweshwa peke yao. Anayewahudumia aanze na kundi la nyumbani, amalizie kwa wageni.

5. Kila siku wapitishiwe mkono kama tulivyoeleza juu. Ukiona homa, vipele vigumu vya ngozi, mate mengi au ng'ombe kutupa mimba, piga simu kwa mtaalamu kabla ya kuwachanganya.

Wazee wanaweza kukubaliana kwamba mahari imepokelewa siku ile ile, hata kama ng'ombe wanakaa pembeni. Heshima haipungui.

MAANA YA TANO: KUMWANDAA MTU KWA KAZI

Waingereza husema pia kwamba mtu amefanyiwa groom kwa ajili ya uongozi, yaani ameandaliwa taratibu. Hilo wafugaji mnalijua. Wamaasai humchagua laigwanani wa rika akiwa kijana, na wazee hukaa naye na kumfundisha kusikiliza kabla ya kusema.

Fanya hivyo hivyo kwa zizi. Mchague mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wape ndama wao wa kukagua kila jioni. Wape daftari waandike tarehe ya kuzaliwa, ya chanjo, ya kuogesha na ya ugonjwa. Akina mama na mabinti ndio wanaokamua na kushika ndama mara nyingi, kwa hiyo ndio wa kwanza kuona mabadiliko. Wasikilizwe. Mtoto aliyeandika daftari kwa miaka mitano atakuwa mfugaji bora kuliko aliyeachiwa zizi siku ya mazishi ya baba.

MAANA YA SITA: ONYO

Maana ya mwisho ni mbaya, na ndiyo inayosikika zaidi siku hizi. Ni mtu mzima kumzoesha mtoto kidogo kidogo ili aje kumdhuru kimwili. Kwa Kiswahili tunasema kumrubuni mtoto.

Wewe unaelewa jinsi inavyofanyika, kwa sababu unajua jinsi ya kumshika mtamba asiyezoea watu. Humkimbizi. Siku ya kwanza unamwekea chumvi na kuondoka. Siku ya pili unasimama karibu. Siku ya tatu unamkuna shingo. Unamtenga na wenzake. Akishatulia, ndipo unatoa kamba uliyoificha nyuma ya mgongo. Kwa mtamba huo ni ufugaji mzuri. Lakini mtu akimfanyia mtoto wako hivyo, anataka kumtia kamba.

Chumvi yake ni vocha, simu, soda, nguo, au lifti ya pikipiki kutoka shuleni. Kumkuna shingo ni maneno matamu: wewe ni mkubwa sasa, wazazi wako hawakuelewi. Kumtenga ni siri: usimwambie mama. Kamba ni vitisho: nitakutangaza. Mtu huyu mara nyingi si mgeni. Anaweza kuwa jirani, ndugu, au mtu anayeheshimiwa. Na kwa simu anaweza kuwa mbali kabisa.

Watoto wanaochunga peke yao porini na wanaotembea mbali kwenda shule wako hatarini zaidi, wasichana na wavulana pia. Kwa hiyo:

- Watoto wachunge wawili wawili au zaidi, na nyumbani wajue wako malisho gani.

- Mwambie mtoto: zawadi yoyote ionyeshwe nyumbani, na siri ya mtu mzima isiyotakiwa kufika kwa mama na baba si siri ya kutunza.

- Angalia dalili kama unavyoangalia ng'ombe: ameacha kula, amejitenga, anashtuka, ana kitu ambacho hujui kimetoka wapi, hataki tena kwenda njia fulani.

- Akikueleza, usimpige wala usimlaumu. Mwambie umemwamini. Usimalize jambo hilo kwa faini ya ng'ombe kati ya wazee. Faini inamlipa baba, mtoto anabaki na jeraha, na mkosaji anatafuta mwingine.

- Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga namba 116, simu ya kusaidia watoto.

Na kwa kuwa tumezungumza bwana harusi: binti aliye shuleni si wa kuozwa. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Hakuna idadi ya ng'ombe inayofuta kosa hilo.

KUMBUKA

- Kila jioni: masikio ya ndama yakunjuliwe, kupe watolewe.
- Kila mnyama anayeingia: atengwe wiki tatu hadi nne, hata akiwa wa mahari.
- Kila punda: mgongo usuguliwe kabla ya mzigo.
- Kila dawa: ichanganywe kama kibandiko kinavyosema.
- Kila mtoto: aulizwe siku yake ilikuwaje, kama unavyouliza ng'ombe wamerudi wangapi.

Kesho jioni, kabla giza halijaingia, chagua ndama mmoja na uanze na masikio yake. Ukikuta tezi limevimba, usingoje mnada wa wiki ijayo. Mpigie mtaalamu wa mifugo wa kata yako usiku huo huo.